UZI: Misuli ikikaa kimya wakati wa operesheni ya mgongo, msishangilie kwanza

#1 Mluguru wa Texas

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Mama yangu mdogo yuko Morogoro, kaambiwa pingili za chini za mgongo wake zimeteleza na inabidi zifungwe kwa skruu. Wiki mbili zilizopita kanipigia usiku, kanambia "mwanangu si ndo kazi yako hiyo, hebu nambie, nikiamka ntatembea?" Nikamjibu fasta, mama utatembea. Nimekata simu nikakaa kitandani sina raha, maana najua vizuri kabisa nini kinafanya mtu aamke anatembea na nini kinafanya aamke unyayo unaning'inia, na sikumwambia hata kimoja. Sasa yeye nimeshamwelezea kwa kirefu, nikaona na nyie mna mama zenu wadogo, bora niandike.

Mimi sio daktari. Huku Texas mi ni tekinishani wa kufuatilia neva, nimefanya mtihani wa bodi ya ABRET nikapata cheti cha CNIM, yani cha kufuatilia neva wakati wa upasuaji, na kazi yangu ni kukaa kona ya thieta na kompyuta nasikiliza misuli ya mtu aliyelala. Mgonjwa akishapigwa nusu kaputi namchoma visindano vyembamba miguu yote miwili: paja la mbele, msuli wa mbele ya muundi, shavu la mguu, na kale kamsuli ka ndani ya unyayo kanakovuta kidole gumba. Kila msuli una neva zake na kila neva ina pingili inakotokea. Paja la mbele ni pingili ya tatu na ya nne za kiuno, muundi ni ya nne na ya tano, shavu na unyayo ni kule chini kabisa kwenye nyonga. Kwaiyo msuli ukishtuka kwenye skrini yangu najua daktari kagusa maeneo gani hata bila kusimama kuangalia kidonda. Hii ndo inaitwa EMG.

Sasa skruu. Skruu ya mgongo inapita kwenye kidaraja chembamba cha mfupa kinachounganisha nyuma ya pingili na mbele yake, na upande wa ndani wa hicho kidaraja neva imelala imeegemea ukuta, yani milimita chache tu. Mfupa mzima unazuia umeme kama lile gamba la plastiki la waya. Daktari anashika kijiti chenye ncha ya duara anagusa skruu, mimi napandisha umeme taratibu, miliampea moja, mbili, tatu, pigo lenyewe fupi mno, milisekunde 0.2. Ukuta ukiwa mzima msuli hauruki mpaka nipite 8 au 10, huo ndo mpaka wanaoutumia wengi. Ukiruka kwenye 4 au 5, hapo waya umechubuka, kuna ufa na umeme unavujia kwenye neva. Neva iliyo wazi ukiigusa yenyewe inaruka kwenye 1 au 2 tu. Blair Calancie na wenzake kule Miami ndo waliifanyia kazi sana hii mbinu, wakaanza na wanyama, ripoti ikatoka 1992, kisha ya wagonjwa 1994.

Hadi hapo ni rahisi. Kilichonifanya niandike ni hiki.

Nilikua na mgonjwa, baba wa miaka hamsini na kitu, skruu sita, pingili ya nne, ya tano na ile ya nyonga, kulia na kushoto. Daktari kamaliza kuziweka akasema tujaribu. Ya kwanza nikapanda mpaka 30, kimya. Ya pili 30, kimya. Zote sita kimya. Daktari akafurahi akaomba fimbo za kuunganisha skruu afunge. Mimi roho ikawa haijatulia, kwa sababu hata skruu iliyokaa vizuri kabisa huwa inajibu mahali fulani, kumi na nne, ishirini, ishirini na tano. Moja ikikaa kimya sawa. Sita?

Nikapiga mapigo manne kwenye neva iliyo nyuma ya kifundo cha mguu. Hicho ni kipimo cha zamani, kina Ali, Utting na Gray wa Liverpool walikitoa 1970, unapiga shoti nne ndani ya sekunde mbili unahesabu msuli umeruka mara ngapi. Manne yenye nguvu sawa maana yake dawa ya kulegeza misuli, ile anayopewa mgonjwa mwanzoni, imeisha. Nikapata moja. Dhaifu, kama mtu anayenong'ona.

Nikamwambia daktari wa usingizi, akanijibu mbona mimi nina manne. Na hakudanganya, alikua nayo manne kweli, ila alikua anapima kwenye nyusi. Msuli wa nyusi unawahi sana kuamka kuliko misuli ya mguu, kwaiyo uso ulikua macho na miguu ilikua bado imelala. Kumbe kama dakika ishirini na tano nyuma mgonjwa alitikisika, akaongezewa rokuroniamu, ndo hiyo dawa ya kulegeza misuli, na zamu zilikua zinabadilishana mimi hakuna aliyenambia.

Nikasema kwa sauti thieta nzima isikie, "naomba tusifunge, majibu yangu ya saizi hayana thamani." Haikua rahisi kusema hivyo wakuu, daktari ana masaa matatu kasimama. Akakunja mikono kifuani akasubiri. Mgonjwa akapewa sugamadeksi, ile dawa inayokamata rokuroniamu na kuitoa kazini, na ndani ya dakika tatu hivi nilikua na manne yote, yamenyooka. Tukarudia skruu moja moja. Tano zikajibu juu ya 12. Ya kushoto pingili ya tano, 4. Msuli wa muundi ukaruka hadi shuka likacheza.

Hakuna aliyesema kitu. Daktari akaifungua ile skruu, akaingiza kijiti cha kupapasa ndani ya shimo, akazungusha taratibu, akasimama sehemu moja. "Hapa." Ukuta wa ndani ulikua umetoboka. Akabadilisha njia, akaweka upya, tukapima, 18. Jioni nilipita wodini nikamwomba yule baba avute vidole gumba vielekee puani, akavuta vyote viwili, wala hakujua kwanini nilishika reli ya kitanda nikatulia kidogo kabla ya kuongea.

Kwaiyo ninachotaka kusema ni kwamba msuli ukinyamaza kuna mambo mawili, ama neva iko salama ama msuli umelala, na kwenye skrini yote mawili ni mstari ule ule ulionyooka. Hakuna rangi inayobadilika. Lazima mtu auamshe kwanza msuli, athibitishe unaweza kupiga kelele, ndo ukimya wake uhesabike.

Mwenye swali aulize, nikitoka kazini najibu.

#2 Binti Kibaha

Kaka asante sana kwa uzi. Swali langu la kijinga samahani, hizo shoti mgonjwa hasikii? Na akiamka hana maumivu ya umeme?

#3 Mluguru wa Texas

Dada wala sio la kijinga, ndo swali la kwanza wanaloniuliza wagonjwa asubuhi. Hasikii, amelala kabisa. Anaweza kuona vitone vidogo vya damu pale tulipochoma sindano, au michubuko kidogo, inaisha.

Ila kuna kipimo kingine ambacho nacho tunafanya hasa mgongo ukinyooshwa, kinaanzia kichwani. Tunapiga umeme juu ya fuvu, volti mia kadhaa kwa mapigo mafupi matano hivi yanayofuatana, ujumbe unashuka kwenye uti wa mgongo mpaka vidoleni. Merton na Morton wa Uingereza ndo walionyesha mwaka 1980 kwamba unaweza kuuamsha ubongo hivyo bila kufungua fuvu. Sasa huyo umeme unakamata na misuli ya taya, mgonjwa anang'ata meno kwa nguvu, kwaiyo asipowekewa vitambaa laini mdomoni pande zote mbili anaweza kujing'ata ulimi, na ndo jeraha linalotokea mara nyingi kwenye hiki kipimo. Mimi kabla mgonjwa hajageuzwa kifudifudi nainama naangalia mwenyewe kwa tochi ulimi uko wapi. Nimeshawahi kuambiwa nachelewesha watu. Nitaendelea kuinama.

#4 Nesi wa Usingizi Dom

Mkuu umeongea jambo ambalo wengi hawaligusi. Mimi ni muuguzi wa usingizi Dodoma, miaka kumi na moja thieta, naomba nikupinge kidogo na pia nikuunge mkono.

Kukupinga: huku kwetu usipompa mgonjwa dawa ya kulegeza, daktari wa mifupa atalalamika kutwa, maana kuna muda anabandua misuli mikubwa ya mgongo kutoka kwenye mfupa na ikiwa imekaza haibanduki, inatoka damu nyingi na kazi haiendi. Na mgonjwa akikohoa kifudifudi na mirija yote ile ni hatari. Kwaiyo usiwafanye watu waone sisi wa usingizi ndo tunaharibu.

Kukuunga mkono: mashine kama yako hatuna. Na hata kile kidude cha mapigo manne hospitali niliyopo hakipo, tunasubiri mwishoni tuone mgonjwa kama anaweza kuinua kichwa sekunde tano. Lakini hilo la kuamsha kwanza tunalijua kwa njia nyingine. Nilishashiriki operesheni ya binti wa miaka 14 mgongo umepinda vibaya, na baada ya kunyoosha tulimwamsha katikati, kidonda kikiwa wazi. Mimi ndo nilikua kichwani kwake. Siku moja kabla nilikaa nae kitandani tukafanya mazoezi, nikamwambia utasikia sauti yangu, hutaumwa, nitakwambia minya mkono halafu nitakwambia chezesha miguu. Siku yenyewe nikapunguza dawa, nikainama sikioni nikamwita jina. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu akaniminya vidole. Hapo ndo nikamwambia sasa miguu, na daktari aliyekaa chini ya shuka akapiga kelele "inacheza". Nikamrudisha usingizini.

Unaona mpangilio? Mkono kwanza. Asipominya mkono, miguu kutokucheza hakuniambii chochote, labda bado amelala tu.

#5 Mluguru wa Texas

Dada yangu, nimeisoma hii mara mbili. Hicho ndo nilikua natafuta namna ya kukisema, umekisema vizuri kuliko mimi. Hicho kipimo cha kumwamsha mgonjwa kilitokea Ufaransa, Stagnara wa Lyon na wenzake kina Vauzelle walikiandika 1973, na kwa miaka mingi ndo ilikua njia pekee ya kujua, kwa sababu fimbo za chuma za daktari Harrington wa kule Houston zilikua zimeshaanza kunyoosha migongo ya watoto tangu kwenye miaka ya sitini mwanzoni na madaktari walikua wanasubiri mtoto aamke mwenyewe ndo wajue. Sio kipimo cha kizamani cha kuchekwa, hata leo mashine zetu zikigoma au zikitoa majibu yasiyoeleweka tunarudi hapo hapo.

Kuhusu kulegeza misuli uko sahihi na mimi sikuwalaumu watu wa usingizi, yule daktari wa nyusi alikua mtu makini sana. Tunachofanya huku ni kukubaliana kabla: dawa ipewe mwanzoni kwa ajili ya kuweka mpira wa hewa na kubandua misuli, ikiwezekana isiyokaa muda mrefu, halafu iachwe iishe. Ikifika zamu ya skruu tunapima mapigo manne mguuni, sio usoni. Na usingizi uendelezwe kwa dawa za kwenye mshipa, propofo na remifentanili, kwa sababu gesi za kuvuta zinafifisha sana kile kipimo cha kuanzia kichwani. Ketamini ambayo nyie mnaijua vizuri kuliko sisi haififishi hivyo.

Na kile kidude cha mapigo manne, kuna vya kushika mkononi vinavyotumia betri tu. Hakihitaji kompyuta, unaangalia kwa macho na unashika kidole usikie. Kama kuna mtu humu yupo kwenye manunuzi ya hospitali naomba asome hii aya tena.

#6 Mwana wa Kisauni

Asalaam aleikum. Nimesoma nikiwa na uchungu. Ndugu yangu mkubwa alipasuliwa mgongo ng'ambo, hospitali siitaji, familia nzima ilichanga. Aliamka mguu wa kulia hauinuki, akitembea unyayo wapiga chini pa! pa! Tukauliza, twaambiwa mashine ilikuwepo na ripoti ni safi, hakuna alama hata moja. Miaka mitatu sasa avaa kile kiatu cha plastiki cha kushikilia unyayo. Hebu niambie ndugu yangu, yawezekana mashine iwe safi na mtu aumie?

#7 Mluguru wa Texas

Waaleikum salaam kaka. Pole sana, pole kwake na kwa familia. Inawezekana. Siwezi kuhukumu kesi ya ndugu yako sijaona karatasi zake, ila nitakueleza njia ninazozijua na sitakuficha hata zinazoiumiza kazi yangu.

Ya kwanza ndo hiyo ya uzi, misuli ililala na hakuna aliyepima. Omba ripoti kamili, sio ule ukurasa mmoja wa mwisho, angalia kama mapigo manne yameandikwa na saa ngapi yalipimwa na kwenye msuli gani. Hiyo ni haki ya mgonjwa.

Kuna ya kugusa vibaya. Skruu nyingi za sasa kichwa chake kinazunguka, hakijabana vizuri na mwili wa skruu, ukigusa kijiti pale kichwani umeme haupiti vizuri na unapata namba kubwa ya uongo. Inatakiwa ncha iingie ndani iguse mwili wenyewe wa skruu. Na kidonda kikiwa kimejaa damu au maji, umeme unatawanyika humo badala ya kwenda kwenye neva. Mimi huwa naomba wavute maji kwanza, kila skruu.

Kuna neva ambayo imeshabanwa miaka mingi kabla ya operesheni. Hiyo imechoka, inahitaji umeme mkubwa zaidi ndo ijibu, kwaiyo namba ya 11 kwake inaweza isiwe salama kama 11 ya neva nzima.

Halafu kuna ile inayoniuma zaidi. Neva ikivutwa au kuparuzwa inapiga kelele, kwenye spika unasikia kama bisi zinapasuka kwenye sufuria. Lakini ikikatwa ghafla kwa kitu chenye makali inaweza kutoa mlio mfupi tu au isitoe kabisa, na baada ya hapo ni kimya kizuri. Na kama siku hiyo walifuatilia njia ya hisia peke yake, ile ya kupiga umeme kifundoni na kusoma kichwani, inaweza kubaki nzuri wakati neva moja inayoinua unyayo imeumia, kwa sababu kipimo kile kinachanganya neva kadhaa kwa pamoja na hakiangalii njia ya kusukuma msuli. Mtu akisema "mashine ilikuwepo" muulize ilikua inasikiliza nini.

#8 Mwana wa Kisauni

Shukran ndugu yangu. Miaka mitatu hakuna mtu aliyekaa akatueleza hivi. Nitamwambia kaka tuandike barua tuombe hiyo ripoti kamili.

#9 Kijana wa Nyegezi

Mkuu swali la hela. Hii kitu ni lazima? Maana mshua kaambiwa operesheni ya diski, nikisoma humu naona kama tusipopata hiyo mashine tumekwisha.

#10 Mluguru wa Texas

Hapana kaka, tafadhali usimtishe mzee. Kunyoosha mgongo uliopinda, uvimbe uliokaa ndani ya uti, hizo huku bila kufuatilia neva madaktari wengi hawagusi kisu, na mwaka 2012 chama cha madaktari wa neva wa Marekani kilitoa mwongozo kwamba vipimo vya hisia pamoja na vya kuanzia kichwani vinatabiri kweli hatari ya kupooza. Lakini diski ya kawaida ya kiunoni, haina skruu, madaktari wengi wanaifanya bila sisi na wagonjwa wanaenda nyumbani vizuri. Hata kwenye skruu za kiunoni zenyewe watu wa fani wanabishana mpaka leo. Mikono ya daktari, eksirei ya humo humo thieta na kupapasa shimo kabla skruu haijaingia vinafanya kazi kubwa. Bongo nako upasuaji wa mgongo haujaanza jana, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wana ushirikiano wa miaka mingi na chuo cha udaktari cha Weill Cornell cha New York. Nenda na mshua kliniki, muulizeni daktari mwenyewe atajuaje neva ziko salama wakati anafanya. Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa hivyo.

#11 Mluguru wa Texas

Wakuu narudi na mrejesho, maana wengi mmenitumia ujumbe kuulizia mama mdogo.

Kafanyiwa Jumanne. Aliuliza maswali yote, binamu yangu aliyaandika kwenye daftari la shule. Daktari akamjibu wazi kwamba mashine ya kufuatilia misuli hawana, ila atapapasa kila shimo kuta zote nne na sakafu, atapiga eksirei za mbele na za ubavu, na kabla hajatolewa thieta atapewa dawa ya kuondoa ulegevu wa misuli na ataombwa achezeshe vidole, na kama kuna kisichocheza wanarudi ndani saa hiyo hiyo. Mimi nilikua zamu, simu iko mfukoni kwa kibali maalumu. Binamu akanitumia sauti, ya sekunde tisa. Anasikika nesi anasema "mama, nishike mkono kwanza, minya." Halafu kimya. Halafu "haya, sasa vidole gumba, vuta juu." Halafu binamu yangu analia anasema vimepanda, cha kushoto na cha kulia.

Mkono kwanza. Nesi wa Dom, nimekukumbuka sana.

#12 Nesi wa Usingizi Dom

Alhamdulillah. Mwambie mama asikae muda mrefu kwenye kiti wiki za kwanza, na akigeuka kitandani ageuke mwili mzima kama gogo. Na wewe ukija likizo kile kidude cha betri usikisahau, nitakulipa.